Mwenye sukari na mwenye saluni mbele ya TRA

Tuchukue wafanyabiashara wawili wa mtaa mmoja: mmoja anauza sukari na unga kwa jumla, mwingine ana saluni. Kila mmoja anauza milioni 50 kwa mwaka. Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka kwamba mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake yamevuka milioni 11 lakini hayazidi milioni 100 alipe asilimia 3.5 ya mauzo. Kwa hiyo wote wanadaiwa 1,750,000 na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kama mwenye sukari anapata faida ya shilingi tatu tu katika kila mia, mkononi ana 1,500,000, na hapo hajalipa pango. Mwenye saluni haoni hata maumivu, maana anachouza zaidi ni ufundi wake.

Hii ndiyo kodi ya makadirio, na wanaoitetea wana hoja nzito. Kutoza faida kunadai vitabu vya hesabu, mhasibu na risiti za manunuzi, vitu ambavyo wengi hawana. Pasipo hesabu, macho ya afisa ndiyo hesabu: anaingia dukani, anatazama rafu, anataja kiasi, kisha mnaanza kupatana. Mjanja anapunguziwa, mwoga anabebeshwa. Kiwango kilichoandikwa kwenye sheria kinabana mwanya huo. Tena, wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, vilio vyao vikubwa vilikuwa usajili wa stoo na kamatakamata. Watu huchoshwa na namna ya kudaiwa kuliko na kiasi chenyewe, na kwa hilo urahisi ni nusu ya haki.

Ila nusu nyingine ipo, na hata urahisi wenyewe una kona zake. Mwenye kumbukumbu za mauzo anayeuza kati ya milioni 7 na 11 alipangiwa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Akiuza milioni 10.9, kodi ni 207,000. Akiuza milioni 11.1 anaangukia kwenye ile asilimia 3.5 ya mauzo yote: 388,500. Mauzo yameongezeka kwa laki mbili, kodi kwa 181,500. Utamlaumu vipi akianza kusitasita kutoa risiti ifikapo Novemba? Sheria inayotaka watu watunze kumbukumbu imemwekea huyu sababu ya kuzificha.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni kupanga viwango kwa aina ya biashara, wa jumla alipe kidogo na wa huduma alipe zaidi. Kwa mwenye sukari ni nafuu ya kweli. Lakini nani ataamua kwamba duka linalouza soda kwa kreti na kwa chupa ni la jumla au la rejareja? Afisa yuleyule tuliyemtoa mlangoni atarudi kupitia dirishani. Binafsi ningekubali hatari hiyo kwa makundi mawili tu, biashara ya bidhaa na biashara ya huduma, kwa sababu tofauti yao inaonekana hata na mpita njia. Makundi kumi yangekuwa soko jipya la rushwa.

Ule mruko wa kodi kwenye milioni 11 ni rahisi zaidi kuuondoa, na hauhitaji ubishi: juu ya kodi ya ngazi ya chini, asilimia 3.5 itozwe kwenye kinachozidi milioni 11, si kwenye mauzo yote. Hazina itapoteza kiasi kwa kila aliye kwenye ngazi hiyo, na hilo lisemwe wazi.

Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume ya maboresho ya kodi Oktoba 2024, chini ya Balozi Ombeni Sefue. Tume za namna hiyo huvutwa sana na wakubwa wenye wahasibu na mawakili. Mwenye sukari hana wa kumpeleka, na hesabu yake inatosha nusu ukurasa.