Kipimo cha moyo kinapopita posta

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipotaka kujua kama saa ya mkononi ya Apple inaweza kugundua mapigo ya moyo yaliyovurugika, hawakumwita mtu hospitalini. Kuanzia mwishoni mwa 2017 waliandikisha Wamarekani 419,297 kwa miezi minane, kupitia simu. Saa ikitoa tahadhari, mhusika aliongea na daktari kwa video, kisha akatumiwa kwa posta kiraka cha kubandika kifuani, kinachorekodi mapigo ya moyo. Alikivaa hadi siku saba, akakirudisha.

Faida ya kumpima mtu nyumbani hivi siibishii hata kidogo. Vyumba vya juu vya moyo kupiga ovyo ni ugonjwa unaokuja na kuondoka, na huweza kuleta kiharusi. Mtu hupimwa asubuhi akaonekana mzima, moyo ukavurugika usiku akiwa kitandani. Kifaa kinacholala naye ndicho kitakachouona, na hakimgharimu nauli wala siku ya kazi.

Ila hesabu zinanisumbua. Waliopata tahadhari ni 2,161. Viraka vilivyotumwa ni 658. Vilivyorudi na rekodi ya kufaa ni 450, na humo asilimia 34 walikutwa na ugonjwa. Wengine walichujwa kwa sababu za kitabibu, sawa. Lakini zaidi ya nusu ya waliotahadharishwa hawakufika hata kwenye ile video ya daktari. Walipuuza? Waliogopa? Asilimia 34 haiwezi kuwasemea. Tena wenye miaka 65 na zaidi walikuwa kama 6 tu kwa kila 100, ilhali ugonjwa huu ni wa wazee hasa. Kiraka kilikuwa bure; saa na simu mtu alitakiwa awe nazo tayari.

Kuna jambo jingine, nje ya utafiti huo. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba kipima oksijeni cha kidoleni kiliwakosea wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko weupe, kikisoma vizuri wakati oksijeni imeshuka. Wodini muuguzi humwona mgonjwa anavyohema. Nyumbani mgonjwa anabaki na namba.

Tafiti hizi za nyumbani ziendelee, maana kliniki nayo huwaacha wengi nje. Ila fedha inayookolewa kwa kutojenga vituo ilipe watu wa kupiga simu: mzee apigiwe siku kifurushi kinapofika, aelekezwe kukibandika, na apigiwe tena kisiporudi.