Ankara Moja, Barua Pepe Hamsini na Saba

Bosi wetu ana ugonjwa wa kutaka kujua kila kitu. Siku aliposikia kwamba programu inaweza kuandika logi, yaani kuweka kumbukumbu ya kila inachokifanya, macho yalimtoka. Akaagiza kila ankara ikilipwa aletewe barua pepe. Tukamshauri apokee makosa tu, ili simu yake ipumzike. Akakataa katakata.

"Makosa nitayasikia hata bila barua," alisema. "Mimi nataka yale yanayoenda sawa, maana hayo ndiyo hamniambiagi."

Kazi akapewa jamaa mmoja ambaye tayari alishaandika barua ya kuacha kazi. Mfumo wetu umeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na ulikuwa na klasi mama (klasi ni kiolezo cha kuundia vitu) iitwayo Hati, na wanawe Ankara, Risiti na Stakabadhi. (Msiniulize Risiti na Stakabadhi zinatofautianaje. Aliyejua ameondoka.) Jamaa akaona asijisumbue: logi aiweke kwenye konstrakta ya Hati, yaani msimbo unaokiunda kila kitu kipya cha klasi hiyo, watoto wote wairithi. Mistari mitatu tu: chukua loga (mpokeaji wa ujumbe wa logi) iitwayo "hati", tengeneza hendla (mjumbe wa kuufikisha ujumbe) ya kutuma barua pepe, ipachike hendla kwenye loga. Akajaribu kwa ankara moja, ikaja barua moja. Akapongezwa, akaagwa, akaenda zake. Mfumo nikaachiwa mimi.

Ankara zetu hulipwa kwa mkupuo usiku wa mwisho wa mwezi. Mimi nililala. Bosi alikesha na simu yake ili aone matunda ya agizo lake.

Kwa maelezo yake mwenyewe, ankara ya kwanza ilileta barua moja, akatabasamu. Ya pili ikaleta mbili. Ya tatu, tatu. Akasema labda ni mtandao. Ilipofika ya arobaini simu ilikuwa haitetemeki tena kwa vipindi. Ilikuwa inanguruma mfululizo, ikijisogeza yenyewe juu ya meza kidogo kidogo mpaka ikadondoka nyuma ya kabati, ikaendelea kungurumia huko. Alinipigia kwa simu ya mkewe.

"Shikamoo bo..."

"Achana na shikamoo! Ankara ya hamsini na saba imelipwa mara hamsini na saba! Huyu bwana anayetuletea karatasi za printa tumemtajirisha!"

Nikafungua kompyuta, nikaangalia jedwali la malipo. Kila ankara imelipwa mara moja. Nikamwambia. Hakuniamini, akamwamsha mhasibu. Mama wa watu akaingia kwenye akaunti, akahesabu, akarudi na jibu: "Mkuu, salio liko vilevile linavyotakiwa kuwa."

"Basi benki hawajapata habari bado," bosi akasema. "Barua pepe zimewatangulia."

Ndipo nikafungua ile konstrakta. Ukiomba loga kwa jina, moduli ya logi, yaani sehemu ya Python inayoshughulikia logi, hukupa ileile ya mwanzo, hata ukiomba mara elfu. Hiyo ni sifa yake nzuri. Lakini konstrakta huitwa kila kitu kipya kinapoundwa, kwa hiyo kila ankara iliyozaliwa ilikuja na hendla yake mpya na kuipachika kwenye loga moja ya ukoo mzima. Ankara ikishalipwa inafutika kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hendla yake haifutiki, kwa sababu loga imeishikilia kwenye orodha. Ankara ya hamsini na saba ilipotamka neno moja, walipokezana kulitangaza wajumbe hamsini na saba, hamsini na sita kati yao wakiwa ni wa marehemu. Ankara 100 za namna hiyo zinazaa barua 5,050. Nilipiga hesabu hiyo kwa sauti, jambo ambalo sikupaswa kulifanya nikiwa bado kwenye simu.

Na hapo tulikuwa hatujafika kwenye Risiti. Aliyeiandika Risiti aliita konstrakta ya mama yake, kisha, kwa kutomwamini mama, akainakili ile mistari mitatu na kuirudia hapohapo chini. Kila risiti ingekuja na hendla mbili.

Nikaizima programu.

"Umezima?"

"Nimezima, bosi."

"Mbona bado zinajilipa?"

Nikamweleza kwamba zile ni barua zilizokuwa tayari kwenye foleni ya seva ya barua pepe. Akanyamaza. Nyuma ya kabati nilisikia ule mngurumo.

Kulipokucha tukaitoa hendla kwenye konstrakta. Inapachikwa mara moja tu, programu inapowaka, kwenye loga ya juu "hati". Klasi zenyewe hazibebi hendla yoyote, kila kitu kinachukua loga kwa jina la klasi yake halisi, "hati.ankara", "hati.risiti", na ile nukta ndiyo inayoiambia moduli nani mzazi na nani mtoto. Ujumbe ukitoka kwa mtoto unapanda hadi kwa mzazi, ambako hendla inausubiri. Faida nyingine ni kwamba zamani ujumbe wote ulijitambulisha kama Hati, hata wa Risiti; sasa kila mmoja anajitaja kwa jina lake.

Bosi naye alikuwa ameokoka. "Makosa tu," alisema, kana kwamba wazo ni lake.

Mwenzangu akapandisha kiwango cha loga ya mzazi, yaani uzito wa chini wa ujumbe inaoukubali, hadi kosa, ambacho kwa namba ni 40, wakati taarifa ya kawaida ni 20. Tukawasha. Barua zikaja, safari hii mojamoja, lakini zikaja: Ankara imelipwa. Ankara imelipwa. Mwenzangu alitoa macho. Kumbe loga za watoto zilikuwa zimepewa kiwango chao wenyewe cha 20, na ujumbe ukishapita kwa mtoto, njiani kwenda juu hakuna anayeangalia kiwango cha loga ya mzazi. Unakwenda moja kwa moja kwenye hendla zake. Mzazi amekataza, na hakuna aliyemuuliza. Dawa ni kukiweka kile kiwango cha 40 kwenye hendla yenyewe. Tukakiweka. Kimya.

Kimya hicho kikamtia bosi wasiwasi kuliko kelele. Alipita mezani kwangu asubuhi, akapita mchana. "Leo hakuna kilicholipwa?" Nikamwonyesha jedwali. Akaguna.

Kosa la kweli lilikuja baadaye: namba ya akaunti ya mteja mmoja ilikataliwa na benki. Mfumo ukatuma barua pepe moja, safi, yenye jina la klasi na namba ya ankara. Siku mbili hakuna aliyeshtuka, mpaka mteja mwenyewe akapiga simu kwa hasira. Kumbe usiku ule wa kabati bosi aliiagiza simu yake itupe kwenye taka kila kinachotoka kwenye mfumo, na agizo lile lilikuwa bado linafanya kazi. Tukamkuta anapekua taka, anashusha kidole kwenye maelfu ya "Ankara imelipwa" akitafuta ile moja.

"Jambo zito kama hili," akaniuliza bila kuinua kichwa, "mnalitumiaje barua moja tu?"