Acheni kupaka vanishi mipini ya koki ya fimbo za kuvulia samaki, jamani

Juzi jamaa kanipa fimbo yake ya kuvulia nimshikie wakati anahangaika na fundo la mshipi, nikaishika, nikaitazama mara mbili. Mpini wa koki, ile ya vizibo vya chupa siyo ya bomba, unang'aa mpaka unaweza kujichania nywele. Nikamuuliza kaka, huu mpini umeufanyaje, akanijibu kwa fahari kabisa, eti kapaka vanishi ya mbao mikono mitano "ili maji yasiingie". Maji yasiingie kwenye koki! Nikanyamaza kwa sababu samaki walikuwa wanagusa na sikutaka kumharibia siku, ila hapa sinyamazi.

Koki ni gome la mti, ule mwaloni wa Ureno na Hispania na kaskazini mwa Afrika, na kazi ya gome lile likiwa mtini ni kumlinda mwenyewe na moto na ukavu. Ndani yake kuna suberini, kitu cha jamii ya nta, na vijumba vidogo vidogo vilivyofungwa kila upande vimejaa hewa, hivyo hivyo mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alivyoviona kwenye hadubini akavichora, akavitoa hadharani mwaka 1665. Ndiyo maana watu wanaziba nayo chupa za divai zinalala miaka na miaka. Kuipaka vanishi mikono mitano ni kumvalisha bata koti la mvua.

Na ingekuwa ni kazi bure tu ningekaa kimya, tatizo inaharibu. Koki inabonyea, vanishi ya mbao haibonyei. Samaki akivuta na wewe ukakaza mkono, koki inabonyea kidogo halafu inarudi, lile gamba gumu la juu haliwezi kufanya hivyo, kwa hiyo linapasuka, mipasuko midogo hata huioni mwanzoni, maji yanapita humo humo yanakaa chini ya gamba na hayana pa kutokea, baada ya muda vanishi inaanza kubanduka vipande vipande na kila kipande kinaondoka na koki yake. Halafu utelezi! Koki iliyolowa inashika mkono, ndiyo sababu yenyewe watu waliipendea, lakini vanishi iliyolowa ikakutana na ute wa samaki, fimbo inakuchomoka unaiona inakwenda majini na rili lake, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Yaani mtu analipia koki kwa sababu ya ule mguso, halafu anaufunika asiuguse tena. Hongera sana.

Ambaye tayari kashapaka asikimbilie thina, thina italainisha gundi na itakula rangi na vanishi ya fimbo yenyewe. Ni msasa namba 220, ule laini, taratibu, na uvumilivu.

Sasa, ugonjwa halisi wa mpini wa koki uko kwenye vishimo. Lile gome lina vitundu vya kupitishia hewa, vinapita kutoka nje mpaka ndani. Mpini unatengenezwa kwa vipete vya koki, kila kimoja unene wa milimita 12 na kitu, vinagundishwa kimoja juu ya kingine halafu vinakerezwa kwenye mashine, na hapo ndipo vitundu vinapojitokeza. Kiwanda kinafanyaje? Kinaziba kwa puti, unga wa koki uliochanganywa na gundi, wanapiga msasa, mpini unatoka laini kama haujawahi kuwa na kasoro. Ukiwa mpya huwezi kujua kama umenunua koki au umenunua puti. Utajua baadaye, maana puti haibonyei na kurudi kama koki inayoizunguka, jua na maji na mkono vikishirikiana inalegea, inadondoka, unabaki na mpini wenye ndui. Hapo mtu anasema "koki imeoza". Haijaoza! Koki ipo vile vile, kilichoondoka ni kiraka.

Koki safi isiyo na vishimo ni adimu na ni ghali, na siwezi kuilaumu. Mti unangojewa miaka kama 25 kabla ya kuvunwa mara ya kwanza, halafu Ureno sheria inataka miaka 9 kati ya mvuno na mvuno, na mavuno mawili ya mwanzo huwa magumu na yenye mikunjo, hayafai hata kwa vizibo. Likipatikana gome zuri wenye divai wapo mlangoni wanalingoja. Sisi wa fimbo tunapanga foleni nyuma yao.

Kwa hiyo badala ya kununua kopo la vanishi, ziba vishimo. Osha mpini kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, acha ukauke wenyewe kivulini, chokonoa puti iliyolegea yote utoe, usiionee huruma, chukua kizibo cha koki halisi ukisugue kwenye msasa upate unga, changanya na gundi ya mbao ile inayostahimili maji mpaka iwe uji mzito, shindilia kwenye vishimo kwa kidole na uache imezidi juu kidogo kwa sababu ikikauka inasinyaa. Kesho yake piga msasa wa 220 kisha 400, mkono mwepesi. Na kabla hujagusa msasa zungushia tepu ya karatasi kwenye fimbo juu na chini ya mpini na kwenye kiti cha rili, pale rili inapofungwa, tafadhali, hili nalisema kwa uzito, fimbo za kaboni hazitaki mikwaruzo, zinaweza kuvunjika pale pale ulipoikwaruza na utalaumu samaki.

Haya, nikubali kitu kimoja kabla hamjaanza kunishukia. Kama mpini wako ni wa koki ya daraja la chini, nusu yake ni viraka, ile dawa maalumu ya kuzibia koki inasaidia. Inasaidia! Nimesema. Inashikilia puti isidondoke haraka na uchafu hauzami sana. Lakini ile ni nyembamba, inapakwa kwa kitambaa, inazama, kinachobaki juu unakifuta, mkono mmoja au miwili, na ukimaliza mpini using'ae. Ukiona unang'aa umeshazidisha.

Wazee wa mafuta nao wana hoja yao, mafuta ya mbegu za kitani au ya mbegu za mti uitwao tung, tone kidogo, sugua, futa. Sawa, ila ya kitani yanaipa koki weusi na ukipaka mengi yanabaki yananata wiki nzima. Na vile vitambaa ulivyopakia, msivikunje mkavitupa kwenye kona. Mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto, kitambaa kilichokunjwa kinalifungia joto ndani, kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke au kiloweke kwenye maji. Sitanii hapa.

Kuna kabila jingine, la wapiga msasa. Kila msimu wanataka koki irudi nyeupe kama siku ya kwanza. Ndugu yangu, koki ikishakuwa kwenye mpini haioti tena, kila ukipiga msasa unaupunguza, na katikati pale mkono unaposhika unazidi kuwa mwembamba kuliko kwingine. Weusi wa jasho na chambo ni uchafu tu, sabuni inautoa. Ukishindikana tumia ile sponji nyeupe ya melamini, nayo ni msasa mwembamba kwa siri, usikandamize. Wanaosema hamieni mipini ya povu muachane na haya yote, hamieni nyie.

Nimalizie na kinachonichefua kuliko hata vanishi. Ile nailoni ya dukani iliyozungushiwa mpini, mtu ana fimbo misimu kadhaa na bado hajaitoa, eti anatunza koki isichafuke. Maji yanaingia kwa chini yanabaki humo, puti inalowa usiku na mchana, ukungu mweusi unaota, siku ya kuitoa unakuta harufu. Toa leo. Na fimbo iliyolowa usiifungie kwenye bomba lake la kubebea mkifika nyumbani, iache nje usiku mmoja ikauke ndipo uifunike.