Njiwa wa muzee amerudi toka Sake: ni pua ao ni macho?

Muzee jirani yetu hapa Majengo, Goma, anafuga njiwa, ako na kisanduku cha mbao juu ya ukuta wa mawe ya volkano, na mwezi uliopita akauzisha dume moja kwa kijana wa Sake. Kijana akamutia kwenye kikapu, akafunika na kitenge, akapanda pikipiki, kilomita kama 25 hivi. Siku ya tatu asubuhi njiwa huyu hapa juu ya mabati, anajipangusa manyoya kama mtu ametoka kuoga. Palabala ikaanza, kijana anataka feza zake, muzee anasema feza zilishakulwa, na mimi na shemeji tuko pale pale kwenye veranda tunagombania jambo lingine kabisa: alijuaje njia?

Muzee anasema, "Anasikia harufu ya kwake, hawezi potea." Shemeji akacheka mpaka akakohoa. Kwake ni macho tu, volkano ya Nyiragongo iko na mita 3,470, unaiona hata toka Sake, sasa nani atapotea pale?

Kumbe ugomvi huu wanasayansi wako nao zaidi ya miaka 50. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Floriano Papi na wenzake kule Pisa, Italia, walikata mishipa ya kunusa ya njiwa, wakawapeleka mahali ambako hawajawahi kufika, wakawaachilia. Wengi walipotea. Maelezo ya Papi ni haya: njiwa akiwa bado kijana kwenye kibanda chake anajifunza kwamba upepo ukitoka upande huu unakuja na harufu hii, ukitoka ule unakuja na ile. Siku ukimpeleka mbali, ananusa hewa ya pale, anajua "aha, hii ni ile ya kaskazini", basi niko kaskazini ya kwetu, niende kusini. Kusini iko wapi, hapo jua linamuonyesha, ao usumaku wa dunia. Kwa hiyo pua haiongoze peke yake, pua inamwambia tu yuko wapi, na watu wengi wanachanganya hayo mambo mawili.

Jaribio moja lilinifurahisha sana. Mwaka 1990 watu wa Pisa waliweka feni kwenye kibanda, inapuliza toka kaskazini-magharibi hewa yenye dawa ya benzaldehaidi, ile inanukia kama lozi. Baadaye wakawapeleka njiwa mbali, wakawanusisha dawa ile ile, wakawaachilia. Wakashika njia ya kusini-mashariki, bila kujali nyumba iko upande gani! Walifikiri wako kule lozi inakotoka.

Lakini upande wa pili nao hawakulala. Swali lao la kwanza ni la mtu yeyote mwenye akili: umemkata ndege mshipa, umemuumiza, sasa akipotea unasema ni pua? Labda ni mgonjwa tu ao hana hamu ya kurudi. Jibu ni kwamba ndege hao hao wakiachiliwa mahali wanapopajua wanarudi vizuri, kwa hiyo ugonjwa hapana. Wengine wakasema ni usumaku, eti midomo ya njiwa iko na chembe za chuma. Anna Gagliardo, naye wa Pisa, mwaka 2006 akakata mshipa mwingine, ule unaodhaniwa kupeleka habari za usumaku toka mdomoni, njiwa wakarudi kama kawaida, wale wasionusa njo walishindwa. Na mwaka 2012 watafiti wengine wakapima zile chembe za chuma, wakakuta ni seli za kinga ya mwili tu, si za kusikia usumaku. Hapo nilimsikitikia mtu aliyefundisha chembe zile darasani miaka yote.

Pingamizi lenye meno kwangu mimi ni la mwaka 2009, la Paulo Jorge na wenzake kule Ureno. Waliwapa njiwa harufu za bure tu, zisizo na uhusiano wowote na mahali, na bado wakaelekea nyumbani vizuri, wakati waliopewa hewa iliyochujwa walichanganyikiwa. Kama ni kweli, harufu si ramani, ni kama kumwamsha mtu usingizini, akiamka anatumia kitu kingine. Gagliardo akarudia mwaka 2011 na vifaa vya jipiesi mgongoni, akapata kinyume: waliopewa harufu za uongo walishindwa, waliopewa hewa ya kweli ya pale wakajua upande. Mimi naegemea Pisa, hasa juu ya ndege wa bahari: mwaka 2013 walichukua ndege wa visiwa vya Azores, wakawaachilia kilomita 800 katikati ya bahari, ambako hakuna mlima wala barabara. Waliofungwa sumaku kichwani walirudi, walionyimwa kunusa walizunguka baharini wiki nyingi.

Sasa turudi Goma, juu hapa njo pananisumbua. Sisi salfa ya Nyiragongo inatufikia na upepo wa kaskazini, volkano iko pale juu. Lakini moshi wake mara nyingi unaenda magharibi, upande wa Sake na Masisi. Basi njiwa wa muzee akiwa Sake ananusa salfa, kwa hesabu ya Papi angesema "niko kaskazini ya kwetu", angeruka kusini, na kusini ya Sake ni ziwa Kivu! Angekuwa chakula cha samaki. Hans Wallraff, Mjerumani, anasaidia kidogo hapa: alipima hewa sehemu 96 ndani ya kilomita 200 kuzunguka Würzburg, akaona si harufu moja inayobadilika kwa mpangilio, ni mchanganyiko, kiasi cha hii dhidi ya ile. Yaani salfa pamoja na makala ya kupikia, majani, matope ya ziwa, sambaza zinazokaushwa, vyote kwa mara moja.

Na kwa haki lazima nimpe shemeji pointi yake: kilomita 25 na mlima unaonekana, hiyo safari ya Sake haihakikishe kitu, si pua si macho. Ndege yule angeweza kurudi hata pua imezibwa.

Nikaenda kwa muzee na mpango: tumpeleke kwa boti mpaka Bukavu, ndani ya karton yenye matundu, tumwachilie kule tuone. Shemeji alikuwa tayari kulipa tiketi. Muzee akatuangalia, akachukua njiwa wake mikononi, akamrudisha kwenye kisanduku.

"Mukafanye masomo na kuku yenu."