Florence Price Hakupotea Popote

Jana usiku kwenye grupu la kwaya yetu mtu katuma klipu tamu ya okestra, na chini yake kaandika: Florence Price, mtunzi mweusi wa Marekani aliyepotea, akagunduliwa 2009. Nikasoma mara mbili. Kugunduliwa! Kama vile Rebmann alivyougundua Kilimanjaro, Wachaga nadhani walikuwa wamelala.

Kilichopatikana 2009 ni makaratasi. Watu waliokuwa wakikarabati nyumba iliyotelekezwa St. Anne, Illinois, mti umeangukia paa, walikuta marundo ya noti zake za muziki, zikiwemo konseto mbili za fidla na Simfonia ya Nne, yaani utungo mrefu wa okestra. Haya, nawapa haki yao, wangezitupa jalalani tungekula hasara. Lakini mwenye noti alikuwa na faili Chuo Kikuu cha Arkansas miaka mingi kabla ya hapo, na mtafiti Rae Linda Brown alishamwandikia tasnifu ya udaktari miaka ya 1980. Nani hasa alikuwa hamjui?

Chicago ya watu weusi ilimjua. Alihamia huko 1927 na familia yake, wakikimbia Little Rock, Arkansas, ambako watu weusi walikuwa wakiuawa na makundi ya wazungu. Ndoa ikavunjika 1931, akabaki na mabinti wawili, akawa anapiga kinanda kwenye majumba ya sinema na kutunga vijinyimbo vya biashara kwa jina la bandia ili wale. Mwaka uliofuata akashinda tuzo ya Wanamaker, ya watunzi weusi, kwa Simfonia ya Kwanza. Tarehe 15 Juni 1933 Chicago Symphony Orchestra ikaipiga chini ya kiongozi wake Frederick Stock, mara ya kwanza okestra kubwa ya Marekani kupiga simfonia ya mwanamke mweusi.

Ndiyo, Dvořák, yule mtunzi Mcheki, anasikika mle ndani, hata mimi nimemsikia. Lakini sehemu ya tatu ni Juba, ile ngoma ya watumwa ya kupiga makofi na mapaja. Juzi nilikuwa naisikiliza kwenye daladala, mguu ukanisaliti, mama wa kiti cha mbele akageuka kunitazama hadi nikaomba radhi.

Sasa hapa ndipo damu inaponichemka. Mwaka 1943 Price alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston. Akaanza kwa kumwambia kwamba ana vikwazo viwili, jinsia na rangi, kisha akaomba kazi yake ipimwe kwa ubora wake tu. Hebu fikiria mtu anaomba hivyo! Mwanamke wa miaka 56, aliyehitimu chuo cha muziki hapohapo Boston mwaka 1906, mwenye tuzo, simfonia yake imeshapigwa Chicago, bado inambidi aanze kwa kujieleza kama mtoto aliyechelewa shule. Na hiyo haikuwa barua pekee aliyompelekea. Koussevitzky hakupiga hata kazi yake moja. Aliyepotea gani huyo, anayebisha hodi mlangoni kwako akitaja jina lake?

Mwenye sauti ya kuamua alimsikia akanyamaza. Tuseme hivyo, jamani. Neno "aliyepotea" linamsafisha kila aliyemfungia mlango, utadhani mama wa watu alitoka mwenyewe kwenda sokoni akasahau njia.

Mwimbaji mweusi Marian Anderson hakumsahau. Tarehe 9 Aprili 1939, alipoimba mbele ya umati kwenye Lincoln Memorial, jengo la kumbukumbu ya Rais Lincoln kule Washington, baada ya kunyimwa ukumbi kwa sababu ya rangi yake, wimbo mmojawapo ulikuwa umepangwa na Price. Tena ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Price. Price alifariki 1953 huko Chicago.

Yote haya nimeyaandika kwenye grupu, saa sita usiku, kwa herufi kubwa sehemu fulani. Mwalimu wetu wa kwaya kanijibu kwa kidole gumba. Sawa, mwalimu. Jumapili nakuja na noti.