Bushi ya stenlesi yenye uso mgumu: naitrojeni au toochi?

Juzi kwenye karakana moja hapa Igogo, Mwanza, ililetwa bushi (bomba fupi la chuma) ya pampu ya kiwanda cha samaki, stenlesi iliyogumishwa uso, kipenyo milimita 50, inatakiwa iingie kwa kubana kwenye nyumba yake, yaani tundu la chuma inamokaa. Mafundi wakagawanyika, kuna waliotaka naitrojeni ya maji, ile ile wanayohifadhia mbegu za ng'ombe, na kuna waliosema baridi itapasua hiyo ngozi ngumu, pasha nyumba na toochi ya gesi yaishe.

Mimi niko upande wa baridi, ila si kwa kila stenlesi.

Naitrojeni ya maji iko nyuzi -196. Stenlesi ya aina ya 304 au 316 ikishuka mpaka huko inasinyaa karibu asilimia 0.28, kwa bushi hii ni kama milimita 0.14, yaani inaingia kwa mkono bila nyundo, na nyundo ndo inamenya uso mgumu kuliko kitu chochote. Toochi inachoma upande mmoja nyumba inapinda.

Lakini wanaoogopa baridi nao wana hoja nzito jamani. 304 na 316 haziwi dhaifu kwenye baridi, ila aina za 420 na 440C, zile zinazoshika sumaku, zinavunjika kama kigae. Tena ndani ya hizo kuna sehemu ya chuma haikumaliza kugeuka wakati wa kugumishwa, baridi kali inaimalizia, na ikigeuka inavimba moja kwa moja, kwahiyo bushi ikirudi kwenye joto la kawaida inakuwa kubwa kuliko ulivyoipima na mbano unapita hesabu yako.

Kingine ni haraka. Ukiitosa ghafla, uso unasinyaa wakati kiini bado kina joto, ngozi inavutwa, na ngozi ngumu inavumilia kubanwa, kuvutwa haiwezi kabisa.

Halafu ile barafu nyeupe kama unga inayoganda juu ya bushi ikiyeyuka maji yanabaki kwenye mshono. Maji ya ziwa hayana chumvi, ila viwandani wanaosha na klorini, na stenlesi iliyofanyiwa naitraidi (kuingiziwa naitrojeni usoni ili iwe ngumu) kwa joto kubwa, kromi yake inayozuia kutu imeshafungwa kwenye ngozi, kutu inaanzia hapo. Kwahiyo futa kabisa.

Ya kwetu ilikuwa 316, sumaku haikushika. Tukaining'iniza kwanza juu ya mvuke, ndo tukaizamisha taratibu, ikachemka weee, ilipotulia tukajua imefika, ikateleza ndani yenyewe. Milango yote wazi, maana lita 1 inakuwa karibu lita 700 za gesi na inakumaliza bila harufu. Ingekuwa 420 ningepasha nyumba kwenye mafuta nyuzi 120 na hiyo bushi naitrojeni isingeiona.