Harusi haiandikwi kwa penseli

Idi iliyopita nilikwenda Mikindani kwa shangazi. Pilau ilipokwisha akaniambia, "Mwanangu, hebu tuwekee ile harusi ya dada yako, leo nina hamu ya kumwona bibi yenu." Marehemu bibi alicheza siku ile mpaka kanga ikamdondoka. Kasha lilikuwa lile lile. Nikaitumbukiza diski kwenye deki. Ikapiga singeli.

Mjukuu wa shangazi akainama. Likizo aliikuta diski, akaitia kwenye kompyuta, kompyuta ikamuuliza aifute au vipi, naye akajibu ndiyo. Simlaumu. Sisi wenyewe tunabonyeza "nakubali" bila kusoma. Kwanza nikapata tumaini, maana ukifuta kwa haraka kinachoondoka ni orodha tu, picha zenyewe bado zimo. Lakini dogo alikuwa amejaza nyimbo mpaka pomoni.

Ninayemlaumu ni fundi aliyetupa harusi kwenye DVD-RW, tena akatutoza zaidi huku akijisifu: "Hii ndiyo nzuri, inafutika." Inafutika! Nani alimwambia tunataka harusi ya kufutika?

Kurekodi kwenye diski, iwe hii RW au DVD-R, ile ya kuandikwa mara moja tu, kote tunasema "kuchoma", na hapo ndipo tunapouziwa mbuzi kwenye gunia. DVD-R ndiyo inayochomwa kweli. Ndani yake mna tabaka la rangi, leza inalibabua alama ndogondogo, na kilichoungua hakirudi kuwa kibichi. Waulize akina mama wanaobangua korosho. RW haina rangi hiyo, ina mchanganyiko wa metali. Leza ikiuyeyusha ukapoa ghafla, chembe zake zinabaki shaghalabaghala na mng'ao unapungua: hiyo ndiyo alama. Ukipashwa tena, safari hii moto wa wastani, chembe zinajipanga na alama inatoweka. Mchezo huo unarudiwa hata mara 1,000. Sasa bibi angecheza mara 1,000? Alicheza mara moja. Na ujazo wa diski hizo mbili ni ule ule, giga 4.7. Ile pesa ya ziada tulinunulia kifutio.

Mpe mkulima wa Tandahimba karatasi ya kilo zake imeandikwa kwa penseli, uone kama ghala litakalika siku hiyo. Hatakushukuru kwamba penseli ni ya kisasa, inasahihishika. Atakwambia andika kwa wino, tena mbele yangu. Kilo za korosho tunazilinda hivyo, msimu mmoja tu, halafu sura ya bibi aliyekwisha kuzikwa tunaiweka kwenye kitu kinachongoja mtoto mmoja aseme ndiyo.

Haya, najua mtakachonijibu. Ile rangi ya DVD-R haipendi jua wala joto, na hapa kwetu joto na unyevu wa bahari ndiyo hewa yenyewe. Iache juu ya dashibodi ya gari pale Shangani siku kadhaa, shauri yako. Metali ya RW haiogopi mwanga kiasi hicho. Nakubali, shingo upande. Lakini kabati lipo, kivuli kipo. Dawa ya jua ninayo, dawa ya kidole cha mtoto sina.

Na RW ina kazi yake, sikatai. Karani anayenakili hesabu za wiki hii ili wiki ijayo afute aandike nyingine, huyo mpeni RW hata kumi. Ila asishangae deki za zamani zikiikataa, mng'ao wake ni hafifu.

Wengine mtasema weka kwenye flashi. Flashi! Nayo si inafutika vile vile, tena hufuliwa pamoja na suruali.

Kesho yake nikamtafuta fundi, pengine nakala bado anayo. Akaniambia aliifuta zamani, kompyuta ilikuwa imejaa. Nikanyamaza. Yeye akadhani nawaza bei.

"Nikupe nyingine tupu, kaka? RW zipo."